Mama Pasi na Shemeji Yake Mkalimani

Mama Pasi alikuwa mwanamke wa kudharau watu, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Tangu ujana wake alifanya kazi kwa dobi, katika chumba cha nyuma kilichojaa mvuke, mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Kazi ile ilimpa nafasi ya kuwaona watu wakiwa hawajajipanga. Mashati ya wakubwa yalimfikia yamekatika vifungo vya tumboni. Suti za wahubiri zilimfikia zikinuka sigara. Magauni ya mabibi waliojifanya hawali mbele za watu yalimfikia yana mafuta ya nyama mpaka kwenye mikono. Yeye aliyapiga pasi, akayatundika yakawa kama mapya, na wenyewe walipopita barabarani wametanguliza videvu, alisonya kidogo tu, kama mtu anayetoa unyuzi kwenye meno.

"Sisi tunanyoosha nguo," aliwaambia wenzake pale dukani. "Watu wenyewe hawanyooki."

Mumewe, kinyozi mwenye maneno machache, alikuwa mmoja wa watu wachache alioshindwa kuwadharau, na hilo lilimkera. Upungufu huo aliufidia kwa shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wa mumewe, alikuja kwao akiwa kijana na begi moja, kwa maneno yake, "kukaa kidogo tu." Akakaa mpaka ndevu zikamwota. Alikula kwa Mama Pasi, akalala kwa Mama Pasi, akapigiwa pasi na Mama Pasi, na kila alipoulizwa kuhusu kazi alijibu kwamba yuko kwenye mipango. Kazi pekee aliyowahi kuishika ilikuwa ya kubeba mabegi katika hoteli ya watalii. Huko aliokota lugha ya wageni, na kuokota ndilo neno lake hasa: kipande hapa, kipande pale, vya kutosha kumfikisha mtu chumbani na kummwagia tabasamu. Hotelini walipomfukuza kwa uvivu, akaihamishia lugha yake kanisani.

Kanisani walikuwa wakipokea wageni kutoka ng'ambo mara kwa mara, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua hata salamu yao. Basi shemeji akapanda madhabahuni, akawa Mkalimani, na jina likamganda. Mgeni akisema sentensi moja fupi, Mkalimani alitoa mahubiri kamili, akatoa na jasho. Mgeni akitania, watu walilia. Mgeni akilia, watu walipiga makofi. Waumini waliondoka wamebarikiwa, mgeni aliondoka amefurahi, na Mkalimani aliondoka na sahani mbili za chakula cha wageni.

Mama mkwe, ambaye huyu alikuwa kitinda mimba wake, alikaa mbele kabisa akitikisa kichwa kwa fahari. "Mnamsikia mwanangu?" aliwauliza waliokaa jirani, kana kwamba kuna aliyeweza kutomsikia.

Ilipotokea kwamba mchungaji mmoja mzee wa ng'ambo aliomba kanisa lipeleke kikundi kidogo kutumika katika kambi ya watoto ya Kikristo nchini kwao, Mkalimani alisimama, akafumba macho, akatangaza: "Anasema Bwana amemwonyesha mabalozi. Anataka mabalozi wa Injili kutoka hapa!"

Mabalozi wakachaguliwa: Katibu wa kanisa, mtu wa tumbo na tai, Mwalimu wa kwaya, aliyeamini kwamba hakuna tatizo lisilotatuliwa kwa wimbo, waimbaji wawili wa kike, dada wa baba mmoja na mama mmoja, ambao hawakuwahi kuachana hata kwenda msalani, na Mkalimani mwenyewe. Wakashona suti za buluu zenye vifungo vya dhahabu. Mama Pasi ndiye aliyezipiga pasi, zote, huku akicheka peke yake kwenye mvuke.

Kisha shemeji yake akamjia pale dukani, akaegemea kaunta.

"Shemeji, nimekuombea nafasi. Mgeni amesisitiza awepo mtu wa jikoni na kufua."

"Kumfulia nani?"

"Sisi. Tutakuwa tunahubiri, hatutakuwa na muda."

Mama Pasi alimtazama kama anavyotazama doa la kutu. Lakini alikuwa hajawahi kuiona ndege kwa ndani, na alikuwa amesikia kwamba ng'ambo kuna mashine za kupiga pasi shuka nzima kwa mkupuo mmoja. Akakubali.

Kambi ilikuwa kando ya ziwa, kati ya miti mirefu iliyonyooka kama penseli. Kulikuwa na mabanda ya mbao yenye vitanda vya ghorofa, ukumbi wa kulia, jiko lenye masufuria ya kuogeshea mtu, na ubao mkubwa wa ratiba. Wenye kambi walikuwa na sheria moja iliyowauma mabalozi kuliko baridi: simu zote zilikusanywa siku ya kuwasili na kufungiwa kabatini, ili watu wawatazame watoto badala ya vioo. Katibu alikabidhi yake kama anayemzika mzazi.

Mkuu wa kambi alikuwa mama mrefu aliyevaa mabuti ya mvua na sweta lililotoboka kiwiko. Hakuwapeleka madhabahuni. Aliwapeleka moja kwa moja mpaka kwenye vyoo vya watoto, akafungua kabati, akawaonyesha ndoo, mafagio, dawa za kusafishia na brashi, akazungumza kwa upole, kisha akamtazama Mkalimani akingoja.

Mkalimani aliikazia macho brashi. "Anasema," akaanza, "kwa mila zao, mgeni wa heshima hugusa brashi siku ya kwanza. Ni ishara ya unyenyekevu."

Katibu alipiga hatua, akaigusa brashi kwa ncha ya kidole. Mwalimu wa kwaya akaigusa. Wale dada wawili wakaigusa kwa pamoja, wakainamisha vichwa. Mkuu wa kambi aliwatazama watu wazima waliovaa vifungo vya dhahabu wakiibariki brashi ya choo, kisha akafunga kabati.

Kesho yake asubuhi Mama Pasi alipokwenda kunawa uso alimkuta yule mama amepiga magoti, anasugua vyoo peke yake. Hakuhitaji lugha hapo. Alikunja mikono ya gauni, akachukua brashi nyingine, akaanza upande wa pili. Walifanya kazi bila neno, na walipomaliza yule mama alimpa mkono uliolowa, naye akaupokea.

Alimkuta shemeji yake nyuma ya ukumbi, anaota jua.

"Wewe lugha hii huijui."

"Shemeji! Polepole."

"Huijui hata kidogo. Tumeletwa kusafisha vyoo na kuosha vyombo, na wewe unatugeuza wendawazimu."

"Matamshi yao huku ni tofauti kidogo," alisema Mkalimani. "Nipe siku chache tu. Usinivunjie heshima ugenini, shemeji. Mfikirie Mama."

Angeweza kuwaambia wengine palepale. Hakuwaambia. Sababu moja ilikuwa mama mkwe, ambaye angelia mpaka mtaa mzima ujae. Sababu ya pili, ambayo aliitambua baadaye, ilikuwa raha. Ilimpendeza kumwona shemeji yake akitapatapa. Kila mlo, Mkuu wa kambi akitoa tangazo, Mkalimani alikodoa macho kama mwanafunzi asiyesoma, kisha akatunga kitu. Mabalozi wakajikuta wamekwenda kwenye moto wa jioni wakiwa na taulo, na kwenye kuogelea wakiwa na Biblia. Mama Pasi alikuwa akiosha masufuria na kucheka mpaka mbavu zinamuuma. Alisubiri aone mtu yule ataangukia wapi.

Siku ya wazazi kuleta kundi jipya la watoto, alikuja mama mmoja mwembamba akiwa amemshika bega binti yake, msichana mwenye nywele fupi na madoadoa puani. Kila kikundi cha wahudumu kilipewa watoto wake, na huyu aliangukia kwao. Mama wa binti alizungumza kwa kirefu. Aligusa kichwa cha mwanawe. Alionyesha ziwa. Alitikisa kichwa. Alichukua jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, akalitikisa mbele yao, kisha akamnyooshea kidole yule mlinzi wa waogeleaji, bwana wa mabega mapana aliyekaa kwenye kiti kirefu ufukweni.

"Anasemaje?" aliuliza Katibu.

"Anasema binti yake anaogopa maji tangu mdogo," alijibu Mkalimani. "Anatuomba tumtie moyo. Tusimwonee huruma."

"Mbona anatikisa kichwa?" aliuliza Mama Pasi.

"Huku 'ndiyo' yao ni hivyo."

Yule mama akauliza neno moja fupi, akimkazia macho. Mkalimani akatabasamu, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mama wa watu akaridhika, akambusu mwanawe, akaondoka na gari lake.

Mama Pasi aliona yote yale, na kitu kilimchoma. Lakini palepale dharau yake ikamjibu. Alikuwa ameshawatazama wazazi wa kule na jinsi wanavyowalea watoto wao kama mayai: kofia za jua, mafuta ya jua, chupa ya maji shingoni. Maji yanayofika kiunoni, na mtu analetewa jaketi! Akaona kwamba safari hii Mkalimani huenda amepatia.

Kwa siku kadhaa binti alisimama ufukweni akiwatazama wenzake wakirushiana maji. Hakuwa na sura ya mtu anayeogopa. Alikuwa na sura ya mtu aliyenyimwa. Alasiri moja yenye joto Mama Pasi alishindwa kuvumilia. Mlinzi alikuwa upande wa mitumbwi akiwafundisha watoto kupiga makasia. Akavua viatu, akakusanya gauni, akamshika binti mkono.

"Twende, mama. Maji hayang'ati."

Binti alisita, akatazama nyuma, kisha uso ukamchanua, akaingia. Walifika kiunoni. Binti alicheka, akapiga maji kwa viganja. Ghafla kicheko kikakatika. Macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa kama ubao, akadondoka kinyumenyume na kuanza kutikisika chini ya maji. Mama Pasi alimdaka nguo, mkono ukateleza, akamdaka tena, akapiga kelele kwa lugha yake mwenyewe, na mlinzi akaja akikata maji kama mashine. Alimtoa binti, akamlaza ubavu kwenye mchanga, akamshikilia mpaka kifafa kikapita. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kisha akakohoa, akatapika maji, akalia.

Mabalozi walikuwa wameshakusanyika. Mwalimu wa kwaya, mtu wa vitendo, alianzisha wimbo.

Mkuu wa kambi alikuja mbio na mabuti yake, akauliza. Mkalimani akajitokeza, akazungumza vipande vyake vya lugha, na Mama Pasi, akiwa amelowa mpaka mabegani, aliona kidole cha shemeji yake kikinyooka kumwelekea yeye. Kidole hakihitaji tafsiri.

"Umemwambia nini?" alimuuliza.

"Nimekutetea, shemeji. Nimesema wewe ni mtu mzima, husikii vizuri."

Mama wa binti alifika jioni ile ile. Alikaa kwanza na mwanawe kwenye chumba cha muuguzi, kisha akatoka mpaka ukumbi wa kulia, ambako kikundi kilikuwa kimeketishwa kwenye benchi moja kama watuhumiwa. Yeye hakuwa mtu wa kambi, na hakuna aliyemnyang'anya simu. Aliiweka mezani mbele ya Mama Pasi, akasema maneno, na simu ikazungumza Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kikavu, kama cha mtu aliyebanwa pua, lakini kilikuwa Kiswahili.

"Niliwaambia binti yangu ana kifafa," ilisema simu. "Niliwaambia asiingie majini bila jaketi na bila mlinzi. Kwa nini ulimwingiza?"

Wale dada wawili walishikana mikono. Mama Pasi aliinamia kile kioo.

"Mimi niliambiwa anaogopa maji," alisema. "Niliambiwa tumtie moyo. Ndivyo alivyotafsiri huyu."

Simu ikageuza maneno yake, na macho yote yakahamia upande mmoja.

"Mashine hizi hukosea sana," alisema Mkalimani. Jasho lilikuwa linamtoka hadi masikioni.

Mama wa binti alimgeukia, akamuuliza jambo taratibu, neno moja moja, kama anayemsemesha mtoto. Mkalimani alikaa sawa. Akavuta tabasamu lake lote la hotelini, akanyoosha mkono kwa adabu, akajibu kwa lugha yao, kwa ufasaha, bila kukwama. Mwanamke alirudi nyuma hatua moja. Simu, ambayo ilikuwa bado inasikiliza, ikatafsiri bila huruma:

"Karibuni sana. Chumba chenu kiko kushoto, mwisho wa korido. Taulo zipo kitandani."

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Pasi, aliyekuwa amelingoja anguko hilo tangu siku ya kwanza. Mama wa binti alimtazama Mkalimani kwa muda, kisha akamtazama Katibu, kisha wale wa kwaya, na mwisho Mama Pasi mwenyewe, na jicho lile halikuwa na hasira tena. Mama Pasi alilitambua. Lilikuwa lake. Ndilo alilowatazamia watu miaka yote, na hakuwahi kukaa upande wa pili wake.

"Nilikuona unatikisa kichwa," aliiambia simu. "Nilikuona. Nikadhani unamdekeza mtoto."

Simu ilisema. Mwanamke aliichukua simu yake, akarudi kwa mwanawe.

Mkalimani hakuonekana tena mpaka mwisho wa kambi. Alisema mgongo umemshika, akajifunika blanketi kichwani, na wale dada wakampelekea uji. Wengine waliosha vyombo na kusafisha vyoo kwa kuonyeshwa kwa mikono, na mambo yakaenda vizuri kuliko yalivyokuwa na mkalimani. Mama Pasi alikwenda kila siku kwenye chumba cha muuguzi na nguo za binti, amezinyoosha mpaka soksi. Binti akimwona aligeukia ukutani. Aliziweka kitini, akatoka. Hakujaribu kumchekesha wala kumletea peremende. Aliona mtoto ana haki yake.

Katika uwanja wa ndege, wakisubiri kurudi, Katibu aliwakusanya pembeni.

"Ndugu zangu, ya kambini yabaki kambini. Hapa si suala la mtu mmoja, ni jina la kanisa."

"Amina," alisema Mkalimani. Mgongo ulikuwa umepona.

Nyumbani walipokelewa kwa vigelegele. Jumapili yake suti za buluu zilipangwa mbele, Mkalimani akapewa kipaza sauti. Alisimulia theluji ambayo hawakuiona. Alisimulia umati aliouhubiria. Kisha akashusha sauti.

"Siku moja, wapendwa, binti mdogo alizama ziwani. Akatolewa hana pumzi. Wenyeji wa kule wakanililia, mtumishi, fanya jambo! Nikapiga magoti kwenye mchanga..."

Kanisa likalipuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, leso mkononi, analia kwa furaha. Katibu alitazama viatu vyake. Wale dada walipiga makofi, kwanza mmoja, kisha wa pili.

Mama Pasi alisimama kwenye benchi lake. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mtu aliyezoea kushindana na mvuke na mashine za dobi hahitaji.

"Mtoto hakufa, na huyu hakuomba. Mtoto ana kifafa. Mama yake alituambia, na huyu shemeji yangu hakuelewa hata neno, akatunga lake. Mimi nikamwingiza majini. Aliyemwokoa ni mlinzi wao. Lugha ile hajui, na hapa mmekuwa mkisema amina kwa..."

Hakumaliza. Mwalimu wa kwaya alinyanyua mikono, na kwaya nzima ikapasua wimbo kwa nguvu zote, wenye ngoma. Waliimba ubeti, wakarudia, wakarudia tena, wakimtazama. Alibaki amesimama katikati ya kelele ile mpaka miguu ikamchoka, akachukua mkoba wake akatoka.

Waliomkasirikia Mkalimani walikuwa wachache, na walinong'ona. Waliomkasirikia Mama Pasi walikuwa wengi, na walisema kwa sauti. Ilisemekana ana wivu. Ilisemekana ng'ambo walimkatalia mashine ya pasi. Baada ya muda kamati ikamteua Mkalimani kuwa msimamizi wa safari zote za nje, naye akaanza kutembea na kalamu mfuko wa kifuani. Nyumbani kwa Mama Pasi hakurudi kulala. Alirudi mara moja tu, kwenye kibanda cha kunyolea cha kaka yake, akakaa kwenye kiti, akasubiri kufungwa kitambaa shingoni kama kawaida. Kinyozi alikizungusha kiti kikaelekea mlangoni.

"Kichwa hicho kapeleke kwingine," alisema. Ikawa hotuba yake ndefu kuliko zote za mwaka ule, na mkewe aliposimuliwa alilazimika kuweka pasi chini.

Mama mkwe alinuna kwa miezi. Siku aliyokuja hatimaye, aliingia mpaka chumba cha nyuma cha dobi, akakaa juu ya furushi la shuka, akajipepea. Mama Pasi alimsalimu, akaendelea na shati.

"Yule mtoto," alisema kikongwe. "Wa majini. Alipona?"

"Alipona, Mama."

"Kabisa?"

"Kwa siku ile, alipona."

Kikongwe akaguna, akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Sasa kama alipona, mwanangu alikosa nini?"

Mama Pasi aliinua uso, akamtazama mama mkwe wake. Kisha akamsogezea kiti kilichokuwa mlangoni, akamwambia akae vizuri, kwa sababu hadithi ni ndefu na safari hii hakuna kwaya.